Usome kama Pepys, kama Evelyn au kama Anne Clifford?

Anayetaka kurudisha vitabu katika maisha yake ya kila siku hupewa ushauri wa namna tatu, nao haupatani. Wa kwanza humwambia asome popote alipo, hata kama ni dakika kumi za njiani. Wa pili humtaka akae mezani, ashike kalamu, wala asifungue ukurasa wa pili kabla hajauelewa wa kwanza. Wa tatu humshauri asome kwa sauti na watu wa nyumbani mwake. Ukiyashika yote matatu kwa pamoja, mwezi hauishi kabla hujayaacha yote. Afadhali kuchagua.

Bahati njema, njia hizi zina watu waliozifuata kwa miaka mingi na kutuachia maandishi. Watatu ninaowalinganisha hapa walikuwa Waingereza wa karne ya 17, na wote waliandika shajara.

Samuel Pepys (1633–1703) alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa London aliyepanda hadi kuwa karani wa bodi iliyosimamia jeshi la wanamaji la mfalme, kwa mshahara wa pauni 350 kwa mwaka. Shajara yake inaanza tarehe 1 Januari 1660 na kuishia 31 Mei 1669. Aliiandika kwa hatimkato, maneno yapatayo milioni moja na robo. John Evelyn (1620–1706), rafiki yake, alikuwa mtu wa ukoo wenye ardhi aliyeishi Sayes Court, Deptford, akiandika vitabu kuhusu miti na bustani. Lady Anne Clifford (1590–1676) alikuwa mtoto pekee aliyesalia wa Lordi wa Cumberland. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akidai urithi alionyimwa, na baadhi ya shajara zake ziliandikwa katika jumba la Knole, Kent, kati ya mwaka 1616 na 1619.

Nitakaa zaidi kwa Pepys, maana hakuna kati yao aliyeandika usomaji wa siku hadi siku kwa undani kama yeye. Lakini vipimo ni vilevile kwa wote: wakati wa kusoma ulitoka wapi, vitabu vilipatikanaje na kwa gharama gani, walisoma na nani, na nini kilibaki kitabu kilipofungwa. Idadi ya vitabu sikuifanya kipimo. Pepys alikufa akiwa na vitabu 3,000, lakini hesabu hiyo haikuambii ni nani kati yao kitabu kilimwingia zaidi.

Wakati

Pepys hakuwa na saa ya kusoma. Siku yake ilikatwakatwa: ofisini asubuhi, kisha karakana za meli za Deptford na Woolwich, kisha Whitehall, kwenye kasri la mfalme, kwa wakubwa, kisha tamthilia au muziki. Alichofanya ni kukiingiza kitabu katika safari zenyewe. London ya wakati ule watu walisafiri kwa mashua za kukodi juu ya Mto Thames, na Pepys alisoma ndani ya mashua. Alisoma pia akitembea kwa miguu, kitabu mkononi, kwenye njia za mashambani zilizoelekea Deptford.

Tarehe 2 Juni 1667 inaonyesha jinsi mashua ilivyokuwa maktaba yake. Siku hiyo alikuwa amechoka kwa kusoma na kuandika hata macho yakamwia mazito. Akachukua mashua peke yake, akapanda mto hadi karibu na Putney, akarudi, na njia nzima alikuwa akikimalizia kitabu cha mwanasayansi Robert Boyle kuhusu rangi. Hakuwa na shughuli yoyote Putney. Anakiri kwamba kitabu kilikuwa cha kemia mno hata akaelewa kidogo tu, ila aliona ya kutosha kujua kwamba mwandishi wake ni mtu bora sana.

Hapo faida na hasara ya njia hii zinaonekana mahali pamoja. Alikimaliza kitabu ambacho mtu mwingine angekiweka kando akingoja siku ya utulivu isiyofika. Lakini kitabu kigumu, kikisomwa juu ya maji yanayoyumba na akili iliyochoka, kilimpita sehemu kubwa.

Alisoma pia usiku wa manane. Januari 1665 alileta nyumbani Micrographia ya Robert Hooke, kitabu chenye michoro ya viroboto na wadudu wengine walioonekana kwa hadubini. Alikaa nacho hadi saa nane za usiku, akakiita kitabu cha werevu kuliko vyote alivyowahi kusoma. Na alisoma dukani bila kununua: Februari 1662, katika uwanja wa Kanisa la St Paul palipokuwa na maduka ya vitabu, aliketi na kitabu cha Thomas Fuller kuhusu watu mashuhuri wa Uingereza, akashtuka ni saa nane mchana. Alikuwa ameutafuta ukoo wake humo, na akasikitika kutoukuta.

Evelyn alisoma mezani. Kwa miaka mingi hakuwa na mwajiri wa kumwita asubuhi, na hata alipopewa kazi ya kuwashughulikia mabaharia wagonjwa na majeruhi wakati wa vita na Waholanzi, chumba chake cha vitabu kilibaki kikimngoja. Njia yake inahitaji saa zilizoungana, na kusema kweli inahitaji mtu mwingine anayepika na kufua wakati wewe unasoma.

Anne Clifford alisoma ndani ya kazi za nyumbani. Novemba 1616 anaandika kwamba alikaa akishona huku watumishi wake wakimsomea insha za Mfaransa Montaigne, kitabu walichokuwa nacho kwa karibu wiki mbili. Mikono ilikuwa na kazi, masikio yalikuwa huru. Kati ya watatu hawa, yeye ndiye ambaye kusoma hakukumwondoa kwenye lolote alilokuwa akilifanya.

Fedha na upatikanaji

Kwa Pepys kununua kitabu kulikuwa raha na vita kwa pamoja, naye aliandika bei kwa uaminifu wa karani. Disemba 1662 alinunua Hudibras, shairi la kejeli lililokuwa midomoni mwa watu wote, kwa shilingi 2 na peni 6 (pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12). Akaliona la kijinga, na siku hiyohiyo akamuuzia mtu mwingine kwa peni 18. Wiki sita baadaye alilinunua tena, akijiambia kwamba huenda kasoro iko kwake, ikiwa dunia nzima inalisifu. Sehemu ya pili ilipotoka Novemba 1663, safari hii aliazima kwanza, aone kama inafaa.

Mwezi uliofuata, tarehe 10 Disemba, aliingia dukani na pauni mbili tatu za kutumia, akakwama. Mbele yake kulikuwa na Chaucer, Shakespeare, Ben Jonson, historia ya Kanisa la St Paul na vingine vingi. Tamthilia ndizo alizozipenda kuliko vyote. Mwishowe alichukua kitabu cha Fuller, mkusanyo wa barua za kiserikali, kijitabu cha Kifaransa kuhusu Uholanzi, na Hudibras sehemu zote mbili. Shakespeare akabaki rafuni. Napenda kuwakumbusha hili wanaohangaika mbele ya rafu: hata msomaji yule alisimama pale akiwa hajui achukue nini, akaamua kwa kugawa kati ya kinachofaa na kinachofurahisha.

Kisha ukaja Moto Mkuu wa London wa Septemba 1666. Wauza vitabu wa St Paul walikuwa wamehifadhi mali yao chini ya kanisa wakiamini moto hautafika, ukafika. Joshua Kirton, muuza vitabu wa Pepys, alifilisika. Bei zikapanda. Aprili 1667 Pepys alinunua kitabu cha Paul Rycaut kuhusu dola ya Waturuki kwa shilingi 55. Nakala ya aina hiyohiyo, yenye jalada zuri na picha za rangi, iliuzwa shilingi 20 kabla ya moto, na ya kawaida shilingi 8. Alilipa, na aliona fahari kuandika kwamba nakala kama ile zilitengenezwa sita tu, na mojawapo ilikuwa ya mfalme.

Njia ya Pepys basi ina mlango wa kutokea fedha: mtu anayepita dukani kila siku hununua kila siku. Yeye mwenyewe aliona hatari hiyo, na dawa yake ni nzuri kwa yeyote. Alimwagiza seremala wa meli, Thomas Simpson, amtengenezee makabati ya vitabu, kisha akajiwekea kanuni ya kutopita kiasi cha makabati yale. Kikiingia kilicho bora, kinatoka kilicho dhaifu.

Evelyn alikuwa na nadharia kamili ya jambo hili. Mwaka 1661 alitoa tafsiri yake ya kitabu cha Mfaransa Gabriel Naudé kuhusu kuunda maktaba, ambacho kinaonya dhidi ya kumwaga fedha kwenye majalada na mapambo badala ya vitabu vyenyewe. Nakala moja alimtumia Pepys kama zawadi. Pepys aliisoma Oktoba 1665, akaandika kwamba kitabu kile kilikuwa juu ya uwezo wake, ingawa waraka wa mwanzo aliusifu. Ukiwa na kazi moja kubwa akilini, njia ya Evelyn hukuokolea fedha kwa sababu unajua unachokitafuta. Usipokuwa nayo, utajikuta unakusanya kila kitu kwa jina la elimu.

Kwa Anne Clifford gharama haikuwa ya vitabu, ilikuwa ya watu. Kitabu kimoja kilihudumia chumba kizima, lakini wasomaji wake walikuwa watumishi waliolipwa na ambao hawakuwa na nafasi ya kukataa. Leo hatuna hao. Tunao watoto, wazazi, jirani, au vitabu vya kusikiliza kwenye simu. Simu hata hivyo haitasimama kujadiliana nawe sentensi iliyokugusa.

Peke yako au na wenzako

Pepys alisoma peke yake, na pia pamoja na wenzake. Alisomeana na mkewe Elisabeth, aliyekuwa na asili ya Kifaransa na mpenzi wa riwaya ndefu za huko. Mambo hayakuwa laini. Mei 1666, wakirudi nyumbani ndani ya gari la farasi, Elisabeth alianza kumsimulia visa virefu kutoka riwaya ya Grand Cyrus, Pepys akamkatiza kwamba visa vile havihusiani na lolote. Kesho yake mkewe alikuwa bado ameumia. Namwonea huruma Elisabeth: alikuwa amesoma, amefurahi, na alitaka mtu wa kumshirikisha.

Kisha macho ya Pepys yakaanza kumsumbua. Alijaribu miwani, akajaribu mirija ya karatasi ya kuchungulia ukurasa, na mwishoni mwa shajara anaiaga kalamu akiamini anaelekea upofuni. Hakupofuka. Lakini miaka ile ilimlazimisha kusoma kwa masikio. Siku ya Krismasi 1668 alikaa nyumbani na mkewe, mtumishi wao kijana akimsomea maisha ya Julius Caesar, kisha kitabu cha mwanafalsafa Descartes kuhusu muziki. Anaieleza kama siku ya furaha kubwa.

Evelyn naye hakuwa mkaa pweke kama meza yake inavyotufanya tumdhanie. Novemba 1665, tauni ikiwa bado London, Pepys alimtembelea Deptford. Evelyn akamwonyesha kitabu cha majani ya mimea yaliyokaushwa, akamsomea sehemu ndefu za kazi yake juu ya bustani, hata tamthilia alizotunga. Pepys alimwona mtu bora sana, mwenye kujisikia kidogo, jambo alilomsamehe. Kwa Evelyn wenzako ni wasomi wenzako: mnakutana kila mmoja akiwa ameshasoma, mkabadilishana.

Anne Clifford ni kinyume chake. Kwake mnakutana ili msome. Watumishi walimsomea Montaigne na The Faerie Queene, shairi refu la Spenser, katika miaka ambayo mumewe, wanasheria na hata Mfalme James walimshinikiza atie saini kuuachia urithi wake. Alikataa. Uzee wake wote aliendelea hivyo hivyo: akiwa na umri wa miaka 80 hivi aliweka alama na tarehe pembezoni mwa kurasa, kuonyesha kipi alikisoma mwenyewe na kipi alisomewa.

Kinachobaki

Hapa Evelyn ni mwalimu wa kweli. Alisoma akitia alama pembeni, kisha akahamisha dondoo kwenye madaftari makubwa yaliyopangwa kwa mada, ili siku ya kuandika asianze upya. Wito wake aliouandika vitabuni ulitoka katika waraka wa Paulo kwa Wathesalonike: jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Kitabu chake kuhusu misitu, Sylva, kilichotoka mwaka 1664, kimejengwa juu ya usomaji wa aina hiyo. Ila kazi yake kubwa zaidi, ile ya bustani aliyomsomea Pepys, alikufa bila kuimaliza, baada ya miongo mingi ya kuongeza karatasi juu ya karatasi. Daftari lisilo na siku ya mwisho linaweza kummeza mwenye nalo.

Pepys hakuwa mtu wa dondoo. Kitabu kikiisha aliandika hukumu ya mstari mmoja au miwili katika shajara ya siku ile: kimempendeza, ni cha kipuuzi, hakukielewa, atakirudia. Inaonekana ni kidogo, lakini mistari hiyo ndiyo inayotuwezesha leo, zaidi ya miaka 350 baadaye, kujua alisoma nini, wapi na akiwa katika hali gani ya moyo. Vitabu vyenyewe alivipanga kwa urefu, vifupi akaviwekea vigingi vya mbao vya kuviinua vilingane na wenzao. Alivirithisha kwa masharti makali, na tangu mwaka 1724 viko Chuo cha Magdalene, Cambridge, kabati kwa kabati. Vya Evelyn vilitawanyika katika minada ya miaka ya 1970.

Anne Clifford alifanya jambo ambalo sijaliona kwa hao wawili, na linanigusa kuliko yote. Askofu Edward Rainbow, aliyehubiri kwenye mazishi yake mwaka 1676, alieleza kwamba sentensi zilizomkaa Anne kutoka vitabuni aliwaagiza watumishi waziandike kwenye karatasi, na wasichana wake wazibandike kwa pini ukutani, kitandani na kwenye mapazia. Walipokuwa wakimvisha nguo, yeye na wao waliziona na kuzizungumza. Maneno yalitoka kitabuni yakaingia katika mazungumzo ya asubuhi ya watu ambao pengine hawakumiliki hata kitabu kimoja.

Uchague vipi

Kama siku yako imekatwakatwa na saa yako pekee ya utulivu iko ndani ya daladala au kwenye kivuko, anza na Pepys. Chukua kitabu kinachostahimili kukatizwa, na usiku andika mstari mmoja wa ulivyokiona. Kitabu kigumu kiache nyumbani, au ukubali kama yeye kwamba safari ya kwanza utapata robo yake.

Kama unasomea mtihani, unaandaa mahubiri, unaandika kitabu au unataka kuijua mada moja hadi mizizi, Evelyn atakufaa zaidi. Panga mada za daftari kabla ya kulijaza, na weka tarehe ya kuacha kukusanya na kuanza kuandika.

Kama mikono yako haipumziki, unalea, unapika, unamuuguza mzazi, au nyumbani kuna mtoto anayejifunza kusoma, njia ni ya Anne Clifford. Mwache mtoto akusomee wewe ukichambua mchele. Sentensi moja kwa wiki ibandikeni jikoni. Njia hiyohiyo inamfaa aliye katika kesi, msiba au mgogoro mrefu, ambaye akifungua kitabu peke yake macho hupita juu ya mistari bila kuona kitu.

Kama tatizo ni fedha, changanya: azima kwanza kama Pepys alivyofanya kwa sehemu ya pili ya Hudibras, na kitabu kimoja mkisome watu watatu. Kama tatizo ni kununua kupita kiasi, pima kabati lako leo na ushike kanuni ya Pepys.

Kama macho yameanza kuchoka, usingoje yakulazimishe. Mtafute wa kukusomea wakati bado unaweza kuchagua kitabu mwenyewe, kisha mkubaliane siku na saa. Naye akitaka kukusimulia kisa kirefu cha riwaya anayoipenda, msikilize mpaka mwisho.